Silabi moja ikimezwa: redio zetu zipange siku ya kusasisha mashini

Wasikilizaji wa Mbau, Oicha na Beni wanaijua sauti hii. Tangazo linaanza vizuri, linakwama, linarudia kipande kilekile mara tatu, linaruka maneno mawili, halafu linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wanacheka: mashini imeshikwa na kigugumizi. Ukimuuliza fundi, mara nyingi atakujibu kwamba ilianza baada ya "mise à jour", yaani baada ya programu kuu ya kompyuta kujisasisha. Kisha kila mtu anarudi kwenye kazi zake.

Mimi nasema tuache kucheka. Katika wilaya yetu mama husikiliza redio asubuhi kabla ya kuamua kama ataenda shamba au atabaki. Dereva wa pikipiki naye husikiliza kabla ya kuchukua abiria. Mashini inayokata sauti mahali kama hapa ni jambo la usalama, na linatuhusu sisi wote: wenye redio, wanaozifadhili, na sisi tunaosikiliza.

Tazama lugha yetu ilivyo. Mfaransa anapokataza hutumia maneno mawili, "ne" na "pas". Moja likipotea, la pili linabaki na kukushtua. Kwa Kiswahili, katazo lote limebebwa na silabi moja. "Mupite njia ya Kamango" na "musipite njia ya Kamango" zinatofautiana kwa "si" peke yake. "Muende shamba", "musiende shamba": ni hiyohiyo "si". Mtu akisema kwa mwendo wa kawaida, silabi huchukua kama robo ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Mashini ikikwama kwa muda huo tu, onyo limegeuka ruhusa. Msikilizaji hawezi hata kushuku, kwa sababu sentensi iliyobaki ni Kiswahili safi.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu waliohama makwao. Mwenyeji wa Mbau akisikia tangazo lililokatika, anaweza kumwuliza jirani, chifu wa mtaa, au kijana aliyetoka Beni muda si mrefu. Familia iliyofika juzi, inayolala kwenye darasa la shule au kwa watu wa kanisa, haijui njia ipi ni ipi na haina wa kumpigia simu. Mara nyingi simu yenyewe haina moto. Redio ndiyo jirani yao wa kwanza. Tena habari ikishatoka redioni hutembea kwa mdomo: mmoja amesikia, kumi wameambiwa, na hao kumi hawatasikia marudio ya saa sita.

Tunaishi hivi tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kufuatana katika wilaya ya Beni. Mwaka 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, tarehe 1 Agosti, na hadi ilipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule tuliona jinsi neno moja lililosikika vibaya linavyoweza kuzaa uvumi, na uvumi kumfanya mtu amfiche mgonjwa nyumbani. Redio ndogo za kwetu zilifanya kazi kubwa wakati ule. Hatuwezi kuziacha leo zishindwe kwa sababu kompyuta ilijisasisha saa kumi na mbili asubuhi.

Nini kinatokea ndani ya mashini? Kompyuta haitoi sauti kama maji ya mfereji. Inaikata vipande vidogo sana, 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, inavipanga kwenye foleni fupi, na kadi ya sauti inavichukua mmoja baada ya mwingine. Foleni ikibaki tupu hata kwa muda wa kufumba jicho, kwa sababu kompyuta ilikuwa inashughulikia kitu kingine, sauti inakatika au inakwaruza. Kwa mtu anayeandika barua, kucheleweshwa huko si kitu, wala hataona. Kwa redio, kila kuchelewa kunasikika hadi bondeni.

Na baada ya sasisho, kompyuta huwa na mambo mengi ya kushughulikia. Inamalizia kupanga faili mpya, inatengeneza upya orodha yake ya kutafutia, programu ya kuzuia virusi inakagua kila kona. Kwenye mashini yenye diski ya zamani, ile inayozunguka, kazi hiyo peke yake inaweza kuifanya itambae kwa saa nyingi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni rahisi: usiihukumu mashini siku ileile. Iache kwenye umeme, bila kurusha kitu, imalize kazi yake. Fungua "Gestionnaire des tâches" utazame: kama diski iko kwenye 100% na mashini imewashwa upya muda mfupi uliopita, subiri.

Siku mbili zikipita na bado inatambaa, basi tafuta sababu. Nitataja majina ya menyu kwa Kifaransa, kwa sababu mashini nyingi za huku zinatumia Windows ya Kifaransa. Tazama kama diski imejaa, maana mashini isiyo na nafasi haipumui. Tazama kwenye "Démarrage" ni programu ngapi zinaamka pamoja na mashini. Kwa kompyuta ya kurushia matangazo, karibu zote hazina kazi hapo. Na kama diski ni ile ya kuzunguka, kuibadilisha kwa diski ya SSD hufufua mashini ya zamani kuliko dawa nyingine yoyote.

Sauti ina mambo yake. Kwanza tofautisha mvumo na kukatika. Mvumo usiokoma, ule wa "mmmm" chini ya sauti ya mtangazaji, mara nyingi unatoka kwenye umeme: inverteri ya bei rahisi, jenereta, waya usiofika ardhini. Huo usilaumu Windows. Kukatika, kukwaruza na kurudia ndiko kunakotoka kwenye mashini. Baada ya sasisho, hakikisha mambo haya manne.

Kwanza, sauti inatoka wapi. Mara nyingine sasisho hubadilisha njia, na mashini inaanza kutumia kispika chake badala ya kadi inayopeleka sauti kwenye meza ya kuchanganyia.

Pili, namba za sauti. Kama programu ya kurusha inatumia 44,100 na Windows imerudishwa 48,000, mashini inalazimika kubadilisha kila kipande njiani, na mashini dhaifu inaweza kuchoka. Zilinganishe. Papo hapo zima "améliorations audio", mapambo ya sauti ambayo redio haiyahitaji.

Tatu, dreva, ile programu ndogo inayounganisha Windows na kadi ya sauti. Sasisho linaweza kuondoa dreva ya kiwanda na kuweka ya jumla. Kwenye "Gestionnaire de périphériques" kuna "Restaurer le pilote", inayorudisha ile ya zamani kama bado imehifadhiwa.

Nne, umeme. Mipango ya kuhifadhi betri hupunguza nguvu za kompyuta, na "suspension sélective USB" inaweza kuilaza kadi ya sauti ya USB katikati ya kipindi. Sisi tunaoishi kwa umeme wa jua tunapenda kuhifadhi betri, na tuna sababu. Lakini mashini iliyo hewani ipewe nguvu zake zote. Tuhifadhi kwenye taa.

Na wakati wa kurusha, zima Wi-Fi. Dreva ya Wi-Fi ni mmoja wa wezi wakubwa wa muda ndani ya kompyuta. Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni dreva ipi inayochelewesha sauti. Fundi yeyote wa Beni au Butembo anaweza kuibeba kwenye flashi. Ikishindikana kabisa, sasisho lenyewe linaweza kuondolewa kupitia historia ya masasisho. Kama ni toleo jipya zima la Windows, kwa kawaida una siku 10 tu za kurudi nyuma. Ukichelewa, njia imefungwa.

Nimesikia vijana wa studio wakitoa dawa fupi: kata masasisho yote, milele. Nawaelewa, kwa sababu megabaiti tunanunua kwa jasho. Sasisho la mwezi mara nyingi hula mamia ya mega, na toleo zima hula giga kadhaa. Kibaya zaidi, Windows ina kitu kinachoitwa "Optimisation de la distribution" ambacho kinaweza kutumia mega zako kupelekea kompyuta nyingine masasisho. Hicho kizime leo. Lakini kukata kila kitu milele ni kuacha mlango wa nyumba wazi kwa sababu bawaba inalia. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja. Mwezi Mei mwaka uleule, virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakusasisha. Huku kwetu virusi havisubiri intaneti. Vinakuja kwenye flashi ya mwanakwaya aliyeleta wimbo, na ya mgombea aliyeleta tangazo lake. Redio ikipoteza maktaba yake ya miaka kumi, hakuna atakayeirudisha.

Wapo pia watakaosema haya ni matatizo ya maskini, kwamba mwenye vifaa vizuri hayamsumbui. Si kweli. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki chini, na televisheni ya Sky News ya Uingereza ikatoka hewani asubuhi ile. Januari 2025 Microsoft yenyewe ilikiri kwamba masasisho ya mwezi huo yalifanya baadhi ya vifaa vya sauti vya USB viache kufanya kazi. Kama wao wenye mafundi mamia wanaanguka, sisi wenye fundi mmoja anayegawanywa kati ya redio tatu tunahitaji mpango zaidi yao. Kuomba Mungu peke yake hakutoshi.

Mpango ninaopendekeza hauhitaji fedha nyingi.

Redio iwe na mashini mbili, hata kama ya pili ni ya zamani. Moja irushe matangazo na isiguse intaneti kabisa isipokuwa siku ya matengenezo. Nyingine ndiyo ipokee barua, WhatsApp na flashi za wageni, ikague virusi kwanza, kisha faili safi zihamishwe. Mwenye mashini moja tu aiweke kwenye "connexion limitée", apange "heures d'activité" zifunike saa za vipindi (Windows inaruhusu hadi saa 18), na asimamishe masasisho kwa wiki chache hadi siku aliyoichagua mwenyewe.

Siku hiyo iwe moja kwa mwezi, ijulikane, na itangazwe hewani kama tunavyotangaza siku ya soko: "Usiku wa leo tunatengeneza mashini, tutarudi saa kumi na moja asubuhi." Ukimya uliotangazwa hauogopeshi mtu. Ukimya wa ghafla katika eneo la vita unaogopesha. Watu huanza kuulizana kama redio imevamiwa, na wengine hufunga mizigo. Siku hiyohiyo maktaba inakiliwa kwenye diski ya nje, na baada ya sasisho mtu anakaa na kusikiliza kwa saa nzima kabla ya kurudi hewani. Asikilize kwenye redio ya mkono kama sisi tunavyosikiliza, kwa sababu vifaa vya masikioni vya studio vinaweza kumdanganya.

La tatu halihusu kompyuta, nami naliona kubwa kuliko yote. Tangazo la usalama lisomwe na mtu, moja kwa moja kwenye maikrofoni, bila kupitia mashini. Lisomwe mara mbili. Tena liandikwe kwa namna ambayo silabi moja ikimezwa, maana haigeuki. Badala ya "musiende shamba", sema "mubaki nyumbani". Badala ya "musipite njia ya Kamango", sema "njia ya Kamango imefungwa, mubaki Mbau". Hapo hata kipande kikikatika, msikilizaji anasikia "mubaki", au anasikia kitu kisichoeleweka na kuuliza. Kutoelewa ni bora kuliko kuelewa kinyume. Watu wa afya nao wafanye vivyo hivyo na matangazo ya chanjo na ya maji, na mashirika yanayogawa chakula yafanye hivyo kwa tarehe na mahali pa kugawia. Familia iliyotembea kutoka Mbau hadi Oicha kwa sababu redio ilimeza neno haitarudishiwa siku yake.

Kwa wafadhili nina neno moja. Tunashukuru kwa kompyuta mnazoleta. Lakini kompyuta inayoletwa bila diski ya akiba, bila mega za kusasisha na bila siku ya fundi ni kama pikipiki bila mafuta. Na sasa kuna jambo jipya: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza njia ya kujiandikisha ili kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai vitu ambavyo mashini nyingi za zamani hazina, kikiwemo kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Maana yake redio kadhaa zitajikuta na mashini nzima, inayowaka, lakini isiyolindwa. Linux ni njia mojawapo, ni ya bure, na programu kama Audacity na Mixxx zinafanya kazi humo. Lakini kuhama kunataka mafunzo, na mafunzo yanataka bajeti. Mkiandika mradi ujao wa "kuimarisha vyombo vya habari", wekeni mstari wa matengenezo kabla ya mstari wa semina hotelini.

Kwa wenye redio: najua hali. Najua mtangazaji wa kwetu mara nyingi halipwi, na fundi anakuja kwa nauli yake. Simlaumu kijana anayerusha vipindi kwa mashini iliyochoka kuliko yeye. Ninachodai ni mpango, na mpango hauhitaji mshahara. Karatasi moja ukutani inatosha: tarehe ya sasisho la mwisho, nani alifanya, nini kilibadilika, namba za sauti zilikuwa ngapi. Fundi akija baada ya miezi mitatu atasoma karatasi hiyo badala ya kubahatisha nusu siku.

Nasi wasikilizaji tusikae kimya. Vilabu vya wasikilizaji vipo, na katika maeneo ya wahamiaji zipo kamati. Tangazo likikatika, andikeni saa na neno mlilosikia, mpeleke habari redioni. Mtangazaji aliye ndani ya studio huenda hajui kabisa kwamba hewani sauti inakatika. Na tangazo lolote la njia au la usalama mlilolisikia nusu, musilipeleke kwa wengine kama kwamba mmelisikia lote. Subirini marudio, au muulize chifu.

Wiki hii, mtu mmoja kutoka kila mtaa na kila kambi aende kwenye redio anayoisikiliza na aulize maswali matatu kwa heshima: Mashini ya matangazo inasasishwa siku gani? Siku hiyo tutatangaziwa? Na tangazo la hatari linasomwa na mtu au na mashini? Redio yenye majibu, tuipongeze. Isiyo nayo, tuisaidie kuyapata kabla ya sasisho la mwezi ujao.